Mgeni Hapimiwi kwa Tone

Kiwanda kilipouzwa na mashine zikanyamaza, Severini alipata kazi ya kufagia nyumba ya wageni ya Mwinshehe, chini ya mlima, mjini Morogoro. Mkewe alikuwa amelala makaburini Matombo, na watoto walikwisha kushika njia ya Dar. Zilikuwa siku za soko huria. Kila kitu kiliingia nchini, hata bahari: Mwinshehe aliweka mapokezini tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake tumbawe hai, la zambarau, lililoletwa kwa ndege kutoka ng'ambo.

Severini alijua tumbawe ni jiwe la kujengea huko pwani. Hakujua kwamba linakula.

“Linakula, mzee,” Mwinshehe alimwambia, akimkabidhi kichupa. “Hii ni asidi amino, ndiyo inayojenga protini. Hii ndiyo inayolikuza. Tone moja kila asubuhi. Moja tu!”

Severini akatia tone. Punde vidole vidogo vikachomoza kwenye lile jiwe, vikapepea majini kama vinavyoita. Akajikuta anavua kofia. Wageni wa siku hizi walipita na funguo zao, salamu hawana, wakajifungia vyumbani kula vya kwenye mifuko. Hiki kilikuwa kiumbe cha kwanza, tangu mkewe azikwe, kilichotoka kumpokea.

Akawa analeta sahani yake ya ugali na mlenda, anakula kando ya tangi.

“Shikamoo, babu,” Hidaya wa mapokezi alimtania. “Mkeo wa majini kaamkaje?”

“Marahaba. Kaamka na njaa.”

“Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!”

“Mpe wewe, kama umemwona mkono wa kulishikia.”

Lakini lile neno njaa lilimganda. Kwao milimani, enzi watu walipokuwa watu, mgeni hakupimiwa chakula. Sahani yake ikionekana tupu, aibu ilikuwa ya ukoo mzima. Na yeye anamlisha kwa tone aliyevuka bahari! Huo ni ubahili wa wenye maduka. Akaongeza tone, akaongeza tena, mwisho akawa anamimina kama atiaye mchuzi.

“Kula, mwenzangu. Kwetu hatupimiani.”

Maji yakaingia ukungu. Utelezi wa kijani ukapanda kiooni. Vidole vikachelewa kutoka, na Severini, akidhani njaa imezidi, akamimina zaidi. Asubuhi moja havikutoka kabisa. Zambarau ilikuwa imebanduka, tumbawe limebaki jeupe kama mfupa.

Mwinshehe akainua kichupa kitupu. “Mzee! Chote?”

“Alikuwa mgeni wangu.”

Severini akasubiri kufukuzwa. Mwinshehe akacheka tu, akalitoa tumbawe, akalisugua, akaliweka juu ya meza ya mapokezi. “Limependeza zaidi hivi. Na halili.”

“Nipe nikalizike.”

“Uzike jiwe, babu?” Hidaya akaangua kicheko, kisha akamwona uso, akainamia daftari la wageni.

Toka hapo wageni wakawa wanasimama. Walioipita ile zambarau bila kugeuza shingo sasa waliugeuzageuza mfupa mikononi na kuusifia weupe. Severini hakuweza hata kuufuta vumbi. Akaomba ahamishiwe getini. Mwinshehe akampa filimbi na rungu, akamwambia asiruhusu mtu aingie ovyo.