Usije Ukawa Kama Mimi

Wateja walimwita Fundi Jumatano, kwa sababu hakuwahi kupokea nguo bila kusema, "Njoo Jumatano." Ukimletea suruali Jumatatu, ni Jumatano. Ukimletea Jumatano yenyewe asubuhi, anakutazama juu ya miwani na kukuambia, "Ya leo imeshapita. Njoo ijayo." Lakini tofauti na mafundi wengi, Jumatano yake ilikuwa Jumatano kweli. Ukifika unakuta nguo inaning'inia ukutani, imepigwa pasi, nyuzi zimekatwa. Katika mambo ya kazi, sikuwahi kusikia kwamba alimdanganya mtu.

Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye mlango unaotazama barabara. Cherehani ya kukanyaga ilikaa dirishani ili ipate mwanga, na kule kuiinamia mwaka baada ya mwaka kulimwachia mgongo wa mtu anayetafuta kitu kilichoanguka sakafuni. Shule aliiacha akiwa msichana mdogo. Mama yake aliugua, akahitajika mtu wa kumuuguza, na mtu huyo akawa yeye, si kaka yake. Kaka alisoma akapata kazi ya mbali. Yeye alipelekwa kwa fundi mmoja kushona vifungo, baadaye mapindo, baadaye nguo nzima. Hakulalamika. Ila kaka yake alipomletea binti yake akae naye asome, shangazi mtu alikuwa na sentensi moja aliyomnywesha mtoto asubuhi na jioni kama dawa: "Soma, mwanangu. Usije ukawa kama mimi."

Sentensi hiyo tunaijua. Inasemwa katika nyumba nyingi, na wanaoisema huamini kwamba wanamtia mtoto bidii. Ni wachache wanaokaa chini wakajiuliza mtoto mwenyewe anasikia nini.

Binti huyo alikuwa darasa la tatu, na kwa wingi wa maneno yake shangazi alimpa jina la Msemaji. Macho ya shangazi yalikuwa yameanza kuchoka, hivyo kazi ya Msemaji ikawa kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa akikaa chini karibu na cherehani, huku anasimulia ya shuleni, na kila sindano ilipohitajika alilamba uzi, akaupitisha mara moja. Halafu muhula mmoja akaacha. Akiitwa, anajibu akiwa chumba cha ndani, "Tunga mwenyewe, shangazi." Mkasi hagusi. Hata chaki ikianguka karibu na mguu wake, anairuka.

"Umeanza kunidharau, siyo?" shangazi alimuuliza siku moja.

Msemaji akaingia chumba cha ndani. Shangazi akaamua kwamba ni kiburi cha shule, akamwacha.

Wakati huo ndipo shule ilipotangaza Siku ya Kazi. Watoto wa madarasa ya chini walitakiwa kuja wamevaa mavazi ya kazi wanazotaka kufanya wakiwa watu wazima, kisha kila mmoja aeleze sababu. Nia ilikuwa njema. Utekelezaji uliachiwa wazazi, na wazazi wakajaa kwa Fundi Jumatano.

"Fundi, wa kwangu ni rubani," alisema mama mmoja. "Mwekee mistari minne begani."

"Jirani yako ameagiza mitatu."

"Basi huyo atamsaidia wangu kubeba mabegi."

Dereva mmoja wa lori alikuja na mwanawe kuagiza joho la wakili. Mtoto alipokuwa akipimwa mabega alinong'ona, "Mimi nataka zimamoto."

"Zimamoto hawavai joho," fundi alimwambia baba.

"Ndiyo maana," baba akajibu. "Pima."

Basi akapima. Vipimo vilikuwa vya watoto, kazi zilikuwa za wazazi, na katika makoti meupe yote ya udaktari aliyoyashona siku zile sidhani kama kuna hata moja lililoagizwa na mtoto mwenyewe.

La Msemaji halikuwa tofauti.

"Na wewe nikushonee nini?" shangazi alimuuliza.

"Chochote."

"Chochote si kazi."

"Basi chochote, ila kisiwe cha kushona."

Shangazi aliligeuza jibu hilo kichwani kutwa nzima. Jioni alichukua mabaki ya kitambaa cheupe akamshonea koti la daktari, lenye mfuko na kola. Hakumuuliza tena.

Siku ya Kazi iliangukia Jumatano, na wateja hawakuacha kumtania kwa hilo. Mwalimu alimwomba aje na sindano na uzi, maana siku kama hizo hazipiti bila kitu kuchanika. Akakaa nyuma darasani pamoja na wazazi waliokuja kutazama, karibu na mlango. Mbele walipangwa marubani, madaktari, mwanajeshi mmoja, na yule wakili ambaye alishakanyaga joho lake mara mbili.

"Utakuwa nani, na kwa nini?" mwalimu alimuuliza kila mmoja. Majibu yalikuwa ya kukariri. Zamu ya Msemaji ikafika.

"Daktari."

"Kwa nini?"

"Ili nisiwe kama shangazi."

Darasa lilicheka. Mwalimu alijaribu kuokoa jahazi. "Yaani unampenda shangazi, ungependa kumtibu."

"Hapana, mwalimu. Mwenyewe ndiye anasema nisiwe kama yeye. Asubuhi na jioni."

Wazazi sasa wakacheka kuliko watoto. Fundi Jumatano naye alicheka, tena kwa sauti, kisha akamwita wakili na kuinamia pindo la joho lililochanika. Uzi ulipomwishia aliinua sindano kuelekea dirishani, akajaribu kutunga mwingine, akakosa. Akajaribu tena. Msemaji alimwona kutoka mbele. Hakusogea.

Njiani kurudi nyumbani shangazi alishindwa kuvumilia.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Nimesema ulichosema."

"Mimi nilisema usome!"

"Ulisema nisiwe kama wewe." Msemaji alikuwa anatazama viatu vyake. "Shangazi, kwani ulifanya nini?"

"Lini?"

"Zamani. Kitu kibaya. Niliuliza wenzangu, mmoja akasema labda uliwahi kufungwa. Mwingine akasema ni ugonjwa, ukishika vitu vya mtu unakuingia. Ndiyo nikaacha kushika sindano."

Shangazi alisimama katikati ya njia. Mtu wa baiskeli alipiga kengele, akamkwepa, akamtukana kidogo. Hakumsikia. Muhula mzima mtoto alikuwa amelala chumba kimoja na mtu anayemwogopa, na aliyemtia woga huo alikuwa yeye mwenyewe, kwa maneno aliyoyaona ni mema.

Walipofika alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga.

"Njoo hapa. Sikufungwa. Siumwi, ila mgongo. Nilitolewa shule nikiwa mkubwa kidogo kuliko wewe, na hakuna aliyeniuliza. Hilo ndilo sitaki likupate."

"Na kushona?"

"Kushona kumefanya nini? Leo nusu ya darasa lenu si wangekwenda uchi bila mimi?"

Msemaji alitaka kucheka, akajizuia. "Kwa hiyo kushona si kubaya."

"Kunachosha. Siku nyingine napenda kushona, siku nyingine natamani kuitupa mashine barabarani. Ukitaka kushona, shona ukiwa umemaliza shule, kwa kupenda, si kwa kukosa."

"Basi ungesema hivyo."

"Asubuhi nina haraka. Hayo ni maneno mengi."

"Mimi yangeniingia."

Msemaji alivua koti jeupe, akalitundika kwenye msumari pamoja na nguo za wateja. Kisha akaichukua sindano, polepole, kwa ncha za vidole, kama kitu kinachoweza kuwa bado cha moto. Akalamba uzi, akaupitisha. Akakaa chini, pale pale alipokuwa akikaa zamani.

"Kwa hiyo nisiwe na mgongo kama wako."

"Usiwe nao."

"Na macho?"

"Na macho."

"Na mdomo?"

"Mdomo umeshanizidi, hilo limenishinda."

"Sasa mimi nitakuwa nani, shangazi?"

Shangazi alivuta kitambaa, akaweka mguu kwenye kikanyagio.

"Njoo Jumatano," akasema.