Mgonjwa Nyuma ya Kabati

Enzi za Zaire, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha afya hapa Kamina, nikingojea sindano. Mbele yangu mwalimu mzungu aliwafundisha wanafunzi wa kazi za kijamii namna ya kumtambua mgonjwa wa akili. Wa kujifunzia alikuwa askari wa base, kambi ya jeshi ya hapa, aliyekuja kulalamikia kukosa usingizi tu.

Mara mama mkwe wake akatokea mlangoni na kikapu cha samaki. Askari akaruka nyuma ya kabati, akageuzia uso ukutani.

"Mumuone," mwalimu akasema. "Anaogopa batu. Iko mugonjwa ya kichwa, tena sana."

Mwanafunzi mmoja mwenye abakosti, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, akakohoa kidogo. "Madame, ule njo mama mukwe yake. Hawezi kumuangalia. Anamuheshimia."

"Ile iko mila. Apa tunafundisha siansi."

Hivyo nikajua kwamba sayansi ni mila iliyokuja kwa ndege. Lakini simcheki mzungu peke yake. Bwana wa abakosti alikumbuka mtihani wake, akainamisha kichwa. "Njo vile, Madame. Iko mugonjwa." Wenzake wakaitikia kama kwaya.

Saa sita nikamkuta bwana huyo njiani, anasukuma baiskeli. Kwa mbele akatokea mama mmoja na mzigo wa mihogo kichwani. Bwana akaitupa baiskeli, akajirusha mtaroni na abakosti yake.

"Baba," akaninong'oneza kutoka chini, "mama mukwe amekwisha kupita?"

"Bado, mugonjwa yangu. Lala tu vile."