Yungiyungi Ndani ya Beseni la Mke Mwenzangu

Mimi husahau nilipoweka miwani, lakini jina la mtu silisahau. Nakumbuka majina ya wote niliosoma nao mpaka darasa la nne, ya akina mama niliovuka nao mpaka wa nchi na mitumba kichwani, hata ya ng'ombe wa mahari yangu, ambao walikufa zamani. Sasa mjukuu wangu aliyeninunulia daftari hili ameniambia niandike bila jina la mtu hata mmoja, watu wasije wakanijia hapa na ugomvi. Nimekubali, ingawa kalamu inanivuta. Bahati ni kwamba mtu ninayetaka kumwandika hatukuwahi kuitana kwa jina. Yeye alikuwa mke wa kwanza wa mzee wetu, mimi wa pili. Nilimwita Mkubwa, yeye akaniita Mdogo, na kwa miaka mingi hatukuwa na mengine ya kuambiana.

Mzee alituweka mbali mbali, na alifanya vizuri. Mkubwa alikaa Rukala, kwenye tambarare ya Nzoia, ambako mto ukijaa huingia nyumbani bila kupiga hodi. Mimi niliwekwa hapa Busia, nje kidogo ya mji, kwa sababu ya biashara. Kwetu nilikozaliwa ni vilimani, upande wa Funyula. Maji tuliyajua yakiwa ndani ya mtungi. Hilo naliandika mapema, maana ujinga wangu wote unaofuata umetoka hapo.

Mzee alikufa, tukamzika, kila mmoja akarudi kwake. Halafu mwaka mmoja Nzoia ikavunja tuta la kuzuia mafuriko. Mkubwa alikaa siku kadhaa juu ya kipande cha tuta kilichobaki, akinyeshewa, kisha siku moja mchana nikamwona anaingia kwenye boma langu na beseni kubwa la buluu kichwani. Ndani ya beseni mlikuwa na nguo, sufuria mbili na Biblia iliyovimba kwa maji. Ni hivyo tu alivyookoa.

"Nimekuja kungoja maji yapungue," akasema.

Nikamwonyesha chumba. Akaniangalia kama nimemtukana. Kwetu mke mkubwa halali chini ya paa la mke mdogo, na mimi nilijua hivyo, ila nilifikiri mafuriko yanabadilisha mambo. Hayakubadilisha. Akachukua jiko langu la nje, lile banda la udongo, akalifagia, akatandika mkeka. Mimi nikahamishia moto wangu chini ya mparachichi.

Maji yakapungua, yeye bado yuko. Alikuwa na kifua kibaya tangu siku zile za tuta. Lakini kila siku ya soko aliwauliza watu wa Rukala kama barabara imekauka, na kila mara walimwambia kwamba nyumba yake imebaki ukuta mmoja, naye akasema ukuta mmoja unatosha kuanzia.

Sikutaka aende. Hapa naweza kuliandika. Wakati ule nililizunguka tu. Watoto wangu wote wametawanyika, na nilikuwa nimezoea kumsikia akikohoa asubuhi kabla sijafungua mlango. Lakini nitamwambiaje mtu niliyemnunia miaka arobaini kwamba akae? Nilikuwa nimemsema mengi mzee akiwa hai, na hakuna hata moja lililofanana na hilo.

Jioni moja tulikuwa tunachambua mboga, akasema, bila kuniangalia, "Kwetu saa hizi maji yamejaa maua."

Mimi nikalishika neno hilo. Nikajiambia, kumbe kinachomvuta ni maua ya majini. Basi nitayaleta hapa.

Wiki iyo hiyo nilikwenda Malaba kumwona binti yangu. Pale kando ya barabara malori yanapopanga foleni kuna mama anayeuza miche. Kwenye nusu pipa alikuwa na kitu sijawahi kuona: majani mapana yamesimama juu ya maji kwa miguu yao, na katikati ua la rangi ya waridi, kubwa kuliko ngumi yangu.

"Hilo ni yungiyungi, nyanya," akaniambia. "Lakini si la hapa kwetu. Hili mbegu zake hutoka mbali."

"Linaota ndani ya beseni?"

"Beseni pana lisilo na tundu. Jua liwe kali. Na mbegu uisugue kwenye simiti mpaka uone peupe, ndiyo uiweke ndani ya maji."

Nikanunua mbegu saba, nyeusi, ngumu kama kokoto. Njiani nilikuwa na furaha nyingi mno, nikasahau nusu ya maneno yake. Nilipofika nyumbani nilizipanda tatu kwenye udongo kama maharagwe, nikazimwagilia asubuhi na jioni. Mwezi ukaisha. Nikaanza kumwambia kila anayepita kwamba Malaba nimeuziwa changarawe.

Mjukuu alipopita kunisalimia akanikumbusha habari ya simiti. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, nikasugua nne zilizobaki. Nilisugua mpaka kucha zikaisha. Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mlango wa jiko, ananitazama.

"Unasaga nini?"

"Mbegu."

"Utaupeleka wapi unga wake?"

Nikaendelea kusugua. Mbili nilizisugua kupita kiasi, zikaoza. Mbili zikapasuka majini siku ya nne na kutoa kichipukizi cha kijani kama mkia wa panya. Sasa nilihitaji beseni pana lisilo na tundu. Yangu yote yalikuwa na viraka. Lakini nyuma ya jiko lilikuwa limeegemea lile la buluu, na mwenyewe alikuwa kwenye ibada ya akina mama. Nikajiambia nitamweleza akirudi.

Aliporudi alikuta beseni lake limejaa matope. Mimi nilijifanya nafagia.

"Mdogo, hilo ni la nani?"

"Ni letu."

Akaingia ndani. Hakusema kitu siku tatu, na siku ya nne sote wawili tulipata cha kusema, kwa sababu lilianza kunuka. Nilikuwa nimechanganya udongo na samadi ya ng'ombe, tena nyingi, maana ndivyo ninavyopanda sukuma wiki na sukuma yangu husifiwa. Beseni lilitoa mapovu kama sufuria ya uji. Jirani aliuliza kama kuna kitu kimekufa kwangu. Mkubwa akatoka, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa tope, akalinusa.

"Samadi ni ya sukuma," akasema. "Kitu cha maji kinataka udongo wa kufinyanga chungu, wenyewe, bila mbwembwe. Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Naona."

Tulikwenda pamoja kuchimba udongo karibu na mto Sio, yeye akikohoa na kuniamrisha, mimi nikibeba. Mche mmoja ulikuwa umeshakufa. Huo mwingine akaupanda yeye, kwa vidole viwili, akanikataza nisiuguse. Baada ya wiki kadhaa ukatoa majani madogo ya kulala juu ya maji, kisha jani la kwanza la kusimama. Nilikuwa naamka kulitazama kabla ya kunawa uso. Niliwaita hata wapita njia.

Mmoja wa wale niliowaita alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu, binti anayezunguka nyumba kwa nyumba. Akainama.

"Nyanya, unafuga mbu?"

"Nafuga maua."

"Hawa wanaocheza humu si maua. Nikirudi Alhamisi nikute umeyamwaga, ama umeweka samaki wadogo wa kuwala."

Basi nikaenda sokoni, nikamwomba mama wa samaki kitu kidogo kilicho hai. Akanipa mumi, yule kambare wa matope, wa urefu wa kidole. Wa vilimani angejuaje? Nikampa na mabaki ya ugali. Mumi huyo aliwamaliza mbu kwa siku mbili, akamaliza ugali, akanenepa, kisha akaanza kuchimba. Kila asubuhi maji yalikuwa kama chai ya maziwa na mizizi imeelea juu. Mimi naizika, yeye anaifukua. Nilimtukana mumi yule maneno ambayo sijamtukana mtu.

Asubuhi moja nikakuta maji yametulia, mizizi imefunikwa vizuri na vijiwe juu yake, na mumi hayupo. Jikoni kulikuwa kunanukia.

"Mkubwa, umeona samaki wangu?"

"Nimemwona," akasema. "Njoo ule upande wako."

Tulimla na ugali. Baada ya hapo alimtuma mtu wa Rukala atuletee vingege viwili vidogo, ambavyo havichimbi. Mimi nilihesabu hilo kuwa ushindi. Nilisema moyoni, mtu anayeagiza samaki wa beseni hawezi kuwa anafikiria kuondoka.

Wiki ile ile akaja mbele yangu na nguo zake zimekunjwa.

"Barabara imekauka. Nipe beseni langu nifunge vitu."

Nikaliangalia beseni. Lilikuwa na maji, udongo, ngege wawili na majani saba.

"Ngoja kwanza litoe ua."

"Litatoa lini?"

"Karibu."

"Unajua?"

"Sijui."

Akacheka, cheko likageuka kikohozi, akashika ukuta mpaka kikapita. Mimi nikamletea maji ya moto. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikamwambia kwamba mama wa Malaba alisema ukilihamisha kabla ya ua linakufa. Mama wa Malaba hakusema hivyo. Mkubwa akarudisha nguo kwenye kamba.

Kikonyo chenye tumba kilichukua majuma matatu kupanda. Siku lilipofunguka jua lilikuwa ndiyo linatoka, na ua lenyewe lilikuwa la rangi ya waridi, pana, sawa na lile la Malaba. Nilimwita. Akaja na kikombe chake cha chai, akalizunguka, akainama, akanusa.

"Hili si letu," akasema.

"Si lenu vipi?"

"Letu ni la buluu, na linakaa juu ya maji kwa adabu. Hili limesimama na kunyoosha shingo kama wewe ukiingia kanisani umechelewa."

Miezi yote ile, na kucha zangu.

"Kwani ulipanda ili iweje?" akaniuliza.

"Ulisema kwenu kuna maua."

"Nilisema. Na ukaona nataka kurudi Rukala kutazama maua, mtu wa umri wangu?" Akakaa kwenye kigoda. "Mdogo, mimi narudi kwa sababu hapa sina mlango. Lile ni jiko lako. Nikifia humo watanitolea wapi? Watu watasema mke mkubwa alitolewa jikoni kwa mwenzake."

Nilikuwa nimefikiria mbegu, udongo, mbu na samaki. Mlango sikuufikiria hata siku moja, na nilikuwa nikiuona kila asubuhi.

"Usiende," nikasema.

"Nini?"

"Umesikia."

"Kifua kimeharibika, na masikio pia. Sema."

"Nimesema usiende, Mkubwa. Mwite kijana wako aje akuwekee nguzo za nyumba yako mwenyewe. Boma hili lilikuwa la mzee, na wewe ndiye uliyempata kwanza."

Alimaliza chai yake. Kisha akainuka, akaanza kupima uwanja kwa hatua, na leso imefungwa kiunoni. Alipita karibu na choo, akakataa. Alipita chini ya mparachichi, akasema kuna baridi na kifua chake hakitaki baridi. Mwisho akasimama palipokuwa na beseni.

"Hapa," akasema. "Mlango uangalie huku, jua linipate asubuhi."

"Hapo ndipo pana jua la ua langu."

"Basi naenda Rukala."

Nikashika beseni upande mmoja, yeye akashika mwingine. Lilikuwa zito, maji yakatumwagikia miguuni, tukalisogeza kidogo kidogo mpaka kivulini.

Nyumba ilisimama kabla ya mvua. Ni ya vyumba viwili, mabati, na mlango ameupaka rangi ya kijani ambayo naiona mbaya na nimemwambia. Yungiyungi halijatoa ua tena, linatoa majani tu, mengi, na wanaopita huniuliza ninafuga mboga gani. Yeye hukaa mlangoni pake kila asubuhi na miguu ameinyoosha juani. Nikimlalamikia kwamba mmea wangu unataka jua, ananijibu kwamba na yeye pia.