Nondo Chini ya Kitanda cha Mama

Nikisikia harufu ya karafuu kavu ndani ya kasha la nguo, hunijia chumba cha mama, orofa ya chini ya nyumba yetu mjini Amu. Mama alitia karafuu kufukuza nondo wasile kanga zake. Na mimi, jamani, ndiye niliyekuwa nikiwafuga.

Viwavi nilikuwa nikiwatoa kwenye mkorosho uliokuwa nyuma ya kisima na kuwalisha ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Binamu yangu, aliyekuwa sekondari, alinifundisha kuwa nondo wa aina ile akiwa na vipapasio vya kichwani vipana kama unyoya ni dume, vikiwa vyembamba ni jike. Nikajiona daktari.

Mwaka ule mama alikuwa na mimba ya nne. Tulikuwa mabinti watatu. Kwetu binti huolewa akabaki kwao, na baba humwachia orofa yake ya kukaa. Nyumba yetu ilikuwa na orofa tatu, na fundi alikwisha sema ukuta haubebi ya nne. Baba alitaka mwana wa kiume, ambaye angehamia kwa mkewe. Alitamka wazi mbele ya bibi kwamba akizaliwa binti tena, ataoa kwengine.

Niliogopa sana, nikataka kujua mapema. Nikaweka kifukofuko kimoja, kiwavi amejifunga uzi ndani yake, chini ya kitanda cha mama, nikanuia: atakayetoka humu ndiye aliyemo tumboni. Asubuhi moja nikamkuta nondo amening'inia kwenye ubao wa kitanda, mabawa bado mabichi. Vipapasio vyembamba.

Mama alizoea kuniambia mdomo huponza kichwa. Sikukumbuka. Nilimkimbilia baba akinywa chai, nikamweleza yote kwa ufundi wangu. Hakucheka. Alikiweka kikombe chini, na kabla ya Ijumaa alikuwa amehamishia nguo zake Mokowe, ng'ambo ya maji. Talaka ilifuata mdogo wetu alipozaliwa, binti kweli. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiota vile vipapasio na kuamka nikilia, kwa kuwa niliamini mimi ndiye niliyemfukuza baba.

Chuoni ndiko nilikosoma kwamba kwa nondo, mama ndiye mwenye chembe inayoamua yai litoe dume au jike. Kwa nyuki, yai lisilopata mbegu hutoa dume, mwana asiye na baba. Na kwa binadamu, inayoamua ni mbegu ya baba.

Likizo ile nilimweleza mama akichagua mchele. Baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Nilidhani atafurahi, au angalau atakasirika. Aliendelea kutoa chuya, moja moja, mpaka ungo ukaisha.

"Kulla nilipovyaa binti, nalimuomba babako radhi," akasema. "Na kulla mara alinisamehe."

Nilikuwa nimekwenda kumpa mama haki yake. Sikujua kwamba msamaha ule ndio wema pekee wa mumewe aliobaki nao, nami kwa kumwambia hakukosa nimemnyang'anya.