Sabuni Nyekundu, Sabuni Bluu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza hata mche mmoja wa sabuni. Nilikuwa nimeingia Mbinga mjini kwa lori la mahindi, mimi ndiye utingo, baada ya kuchuma kahawa ya watu Mpepai nikachoka, na kabla ya hapo kubeba samaki Lituhi nikachoka vilevile. Shule niliiacha darasa la sita. Kitu pekee ambacho sikuwahi kukiacha ni kuuliza maswali. Msimamizi wa Mauzo wa kampuni ya sabuni alinikuta ghalani kwao nikiwauliza wapakiaji kwa nini katoni hupangwa kwa kupishana, akaniajiri papo hapo, kisha akaniita pembeni.

"Unapenda kuuliza, eh?"

"Sana, bosi."

"Basi leo hutauza. Leo utaomba nafasi."

Tulikwenda kwenye duka moja karibu na stendi. Akampa mama mwenye duka katoni nzima ya sabuni, bure, ili miche yetu ikae kwenye rafu iliyo usawa wa macho. Nilibaki mdomo wazi. Mimi niliyelala njaa mara nyingi naona mali inagawiwa ili tu ionekane!

"Mteja hatafuti sabuni," msimamizi aliniambia tulipotoka. "Mteja anaikuta."

Kazi hiyo tuliiita kununua rafu. Kati ya macho na kiuno ndipo penye thamani. Chini ya hapo ni mahali pa dawa ya panya. Ninyi vijana mnaouza kwa simu mnafanya hivyohivyo mnapolipia tangazo lenu litangulie mengine.

Sabuni yetu ilifungwa kwa karatasi nyekundu, na huku watu waliiita Nyekundu tu. Aliyetunyima usingizi ni Bluu, sabuni iliyoshindana nasi kila duka. Nilipewa kwanza ruti ya Ruanda, ile ya hukuhuku Mbinga, hadi Lituhi. Ruti ni mfululizo wa maduka ambayo muuzaji huyapitia kwa zamu, na ole wako mwenye duka aishiwe kabla hujarudi, maana mwenzako ataingia. Baadaye nikahamishiwa mwambao wa ziwa, Mbamba Bay hadi Liuli, enzi ambazo barabara ya kushuka kule haijawekwa lami. Nikafika, nikauliza muuzaji wa Bluu ni nani. Wenye maduka wakacheka. "Humjui? Ni shemeji yako."

Alikuwa Festo, mdogo wake mke wangu Skolastika, na sikuwa na habari kwamba naye ameingia kwenye sabuni. Ndiye aliyenisemea kwa wazee wao nilipoposa, maana mtu wa kutangatanga kama mimi nani angempa binti? Kwa hiyo mwanzoni tulitaniana tu.

"Shemeji, hiyo Nyekundu yako inafua nguo au inazipaka rangi?"

"Afadhali yangu. Povu la Bluu limehamia Malawi, huku mmebaki na jiwe."

Kisha akaja Meneja wa Kanda. Hakukaa hata kitako. "Nataka Bluu ikose pa kukaa," alisema. "Atakayewapa rafu, mpe maradufu. Wakipaka duka rangi, paka mawili."

Tukaanza. Tulitoa ofa, yaani ukinunua mche unaongezwa kipande. Tulipaka maduka yakawa mekundu toka msingi hadi bati. Tukavalisha timu ya vijana jezi nyekundu. Wiki iliyofuata timu ya pili ikatoka na bluu. Sijui niseme nini ili mniamini, lakini niliona kwa macho yangu kina mama wanaofua ziwani wamegawana mawe: haya ya Nyekundu, yale ya Bluu, na anayekosea jiwe anazomewa. Kwa sababu ya sabuni!

Lililotuvunja ni duka la jumla pale Mbamba Bay. Festo alikuwa amelipaka bluu asubuhi. Mchana nikalipaka nyekundu, rangi yake haijakauka. Alikuja nyumbani kwangu na mikono ina rangi, akasimama mlangoni, akaongea na dada yake kana kwamba mimi sipo.

"Dada, huyu nilimwombea mimi kwa wazee. Kuanzia leo simjui."

Skolastika alimwita mara tatu. Hakugeuka. Mwanangu alipopata kipaimara, Festo ndiye aliyekuwa amechaguliwa kumsimamia. Hakutokea. Jirani akasimama badala yake, na mke wangu hakula siku ile.

Hali ikawa hiyo miaka kadhaa. Kisha mvua moja ikakata barabara, mzigo ukakwama, maduka yakaanza kuwa matupu. Nikavuka kwa miguu pale palipokatika, nikadandia lori lililokuwa linarudi hadi Makambako, kwenye ghala kubwa la kanda, ili nikahimize mzigo. Sikuwahi kufika pale. Mlinzi akafungua geti, nikaingia, nikaona upande wa kushoto katoni nyekundu hadi darini. Upande wa kulia katoni za bluu hadi darini. Wapakiaji walewale walikuwa wanajaza lori moja, nyekundu mbele, bluu nyuma.

Nilidhani nimepotea. Meneja wa Kanda akanikuta nimesimama katikati.

"Bosi, mbona Bluu imo humu?"

"Wewe ulidhani ni ya nani?"

"Ya maadui."

Alicheka, lakini si kwa ubaya. Alicheka kama mtu anayemweleza mtoto. "Zote zetu. Mteja akiichoka Nyekundu anakimbilia wapi? Bluu. Na ninyi wawili mkigombania rafu, mtu wa tatu ataiweka wapi sabuni yake?"

Nikakumbuka sabuni iliyokuwa ikivushwa ziwani kutoka ng'ambo. Nikakumbuka na ile ya kina mama wa Kingerikiti, waliyokuwa wakiichemsha wenyewe. Zote zilikuwa zimetoweka, na mimi nilidhani watu wamezichoka tu.

"Na shemeji yangu?" nikauliza.

"Shemeji gani?"

Nilikaa juu ya katoni, na hadi leo sijui ilikuwa ya rangi gani.

Niliporudi nilimweleza Skolastika. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mligombania nini?" akauliza. Nikaenda Liuli kwa Festo, nikamkuta anapanga miche dukani, nikamwambia yote. Alicheka hadi akashika kaunta.

"Hiyo ndiyo mbinu yenu mpya? Niamini, nilegeze mkono, mniingilie?"

"Festo, nenda Makambako ukaone mwenyewe."

"Niache ruti siku mbili? Si ndicho mnachotaka!"

"Naapa kwa dada yako."

Hapo kicheko kiliisha. "Usimtie dada yangu kwenye promosheni," alisema, akarudi kwenye miche yake.

Nilibaki kazini mpaka nikastaafu, kwani watoto walitaka kula, ila kupaka duka rangi sikupaka tena. Leo mnaniuliza kampuni hukuaje. Nawaambia nilichokiona: bidhaa nzuri husaidia, bei husaidia, lakini nguvu ipo kwa anayeamua ni nani apigane na nani. Kabla hujamchukia muuzaji mwenzako, uliza mzigo wake unatoka geti gani. Bado nashtuka kwamba swali hilo, mimi mwenye maswali yote, sikuliuliza.

Festo naye amestaafu. Mwaka jana dada yake alimwita, na akaja. Alikaa kwetu, tukala ugali kwa mbasa, samaki wa ziwani kwetu. Katikati ya chakula akanitazama akitabasamu.

"Shemeji, sasa yamepita, niseme kweli. Mbinu zenu zote nilizimudu. Lakini ile ya kusema kampuni ni moja ilikuwa kali. Kidogo niamini."

Nikafungua mdomo. Skolastika akanisogezea bakuli la samaki, polepole, bila kuondoa macho yake kwangu.

"Tulijitahidi, shemeji," nikasema.