Polishi ya Papa Bahati

Mukiniuliza kama polishi ya bei kali inafaa, musikilize kwanza aibu yangu. Nilikuwa shofa wa direkta. Siku hiyo tulirudi toka Walungu, mimi hoi, Peugeot yetu nyeupe imefunikwa na matope hadi kwenye vioo. Nikaiegesha mbele ya posta nikaenda kula. Niliporudi, ufunguo uligoma kidogo, kisha ukakubali. Nikaendesha hadi Nyalukemba kwa Papa Bahati, ambaye nta yake ya Ulaya ilisifiwa muji muzima. Nusu ya mushahara wangu ikaenda, nikiamini direkta atafurahi. Akasugua mpaka jioni. Kweli iling'aa! Mwishoni akapangusa matope kwenye kibao cha namba ya gari.

"Tonton, hii namba iko ya direkta wako?"

Haikuwa yake. Kabla sijajibu, teksi ikasimama. Akashuka maman mukubwa anayeongoza shule ya wasichana, pamoja na polisi, jandarmu. Watu walikuwa wameniona nikitoka posta na gari lake, Peugeot nyeupe yenye matope kama yetu. Akalizunguka pole pole, akajitazama kwenye boneti, akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akanigeukia.

"Aksanti, papa. Iko muzuri sana. Sasa umwambie huyu jandarmu nani alikutuma."