Mshona Magodoro ya Sufi Anayeogopa Kuvuta Pumzi

Saa mbili asubuhi upepo unageuka, na Wartinah anaacha kushona. Sindano yake kubwa, shazia, imebaki imesimama katikati ya godoro. Anaibana barakoa kwa kiganja, anafumba macho, anangoja sufi inayopeperuka kutoka kwenye banda la mumewe itue chini.

"Ndiyo kazi yangu siku hizi," anasema baadaye. "Nikishona mishono kumi, mitano nimebana pumzi."

Ana umri wa miaka arobaini na saba. Tangu akiwa na kumi na mitano anajaza na kushona magodoro ya sufi kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Pati. Hapa sufi hunasa kwenye nyusi, kwenye wali, kwenye kofia za wanaume waendao kuswali, na hakuna aliyewahi kuiogopa.

Wartinah anaiogopa kuliko nyoka. Sufi ikipata unyevu huota ukungu, na vumbi la ukungu huo halionekani wala halinuki. Mwenye kinga nzuri hulivuta na maisha yakaendelea. Kwa Wartinah ukungu ulikita ndani ya pafu la kulia, ukachimba tundu la ukubwa wa limau. Daktari hawezi kuapa kwamba ulitoka kwenye sufi, kwa kuwa ukungu uko kila mahali. Hilo halimpi faraja hata kidogo.

Kikohozi kilianza masika ya mwaka juzi, kisha ikaja damu. Zahanati ikasema kifua kikuu, akameza vidonge miezi mitano, na kila makohozi yalipopimwa hayakukutwa na kifua kikuu.

"Mikono na miguu ilikonda ikabaki vijiti, lakini uso ukajaa, mashavu mekundu," anakumbuka. "Watu wananisifu! 'Dada Wartinah, unakula nini? Umenawiri!' Na mimi nafurahi, mjinga mimi."

Hospitalini, mjini Semarang, Daktari Hapsari aliutazama uso huo kabla ya kutazama picha ya kifua.

"Mama, nyumbani unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa, Daktari."

"Hata ya maumivu?"

"Hata. Nakunywa jamu tu, mizizi na majani."

Daktari akaiweka kalamu chini.

Swali hilo Wartinah alikuwa ameshaulizwa mara tatu na wahudumu tofauti, na mara zote alijibu hapana. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini yeye hakuwa anaficha kitu. "Kwetu jamu ni jamu, dawa ni dawa," anasema. "Nani anamtajia daktari jamu? Ni kama kumtajia chai."

Kwa miaka sita, kila jioni, yeye na mumewe Sarwono walikoroga jamu, unga wa pakiti kutoka sokoni, wenye picha ya mwanamume mwenye misuli. Ndani ya saa moja mgongo uliacha kuuma. Unga ulipopimwa, mizizi na majani yalikuwa kidogo. Kilichokuwa tele ni steroidi, dawa kali ambayo haikuandikwa popote kwenye pakiti. Ndiyo iliyouvimbisha uso wake na kuilaza kinga ya mwili wake.

Lakini hata kuiacha ni hatari. Baada ya miaka yote hiyo mwili umesahau kujitengenezea steroidi ya kwake, kwa hiyo Daktari anampunguzia kwa vidonge, robo kwa robo, huku Wartinah akimeza dawa ya kuua ukungu.

"Nikiacha ghafla naanguka. Nikiendelea, ukungu unanila. Wewe ungepata usingizi?"

Kila asubuhi hutema kwenye kitambaa cheupe, na kabla ya kukitazama kama kina damu husema Bismillahi.

Zamani yeye na Sarwono walimaliza magodoro manne kwa siku, ujira rupia elfu arobaini kila moja. Sasa ni mawili, matatu wakijitahidi, na Sarwono anajaza peke yake. Huyo hapo anatoka bandani, mweupe kuanzia utosini.

"Mama Tutik, ona nilivyozeeka ghafla!" anamwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Simama hukohuko! Jipanguse kwanza!"

"Mnaona?" anawageukia wageni, mwandishi na mpiga picha. "Nafukuzwa kama kuku nyumbani kwangu."

Mpiga picha anawaomba wakae pamoja. Anawapiga picha, kisha anamwonyesha Wartinah. Wartinah anacheka, anaisogeza karibu, na kicheko kinakatika. Mtu unayemwona kila siku humwoni. Kwenye picha, uso wa Sarwono ni wa mviringo, na mashavu ni mekundu.

"Baba Tutik, kunja mikono ya shati."

"Ya nini tena, mbele ya wageni?"

"Kunja."

Mikono ni myembamba, ina madoa ya zambarau.

"Uliniambia umezichoma pakiti zote."

Sarwono anatazama miguu yake. "Kazi ya watu wawili, mgongo mmoja. Nakunywa nusu tu."

"Na kikohozi?"

"Vumbi tu hilo."

"Hata mimi nilisema vumbi tu."

Kwa aibu, mwanamume huyo anachomoa pakiti tatu zilizofichwa chini ya magunia na kwenda nazo hadi jikoni, kwenye moto. "Basi, nimeacha! Leo hii!"

Wartinah, ambaye tangu asubuhi ametembea polepole, anakimbia. Anamkamata mumewe mikono yote miwili.

"Usiache ghafla! Utaanguka, nitabaki na nani?"

Wanasimama hivyo, wote wakihema. Kisha Wartinah anazichukua pakiti na kuzitia kwenye mfuko wa blauzi yake.

Alhamisi ana miadi Semarang. Kwa wiki nzima alikuwa na tumaini moja, kwamba picha mpya itaonyesha tundu limepungua.

"Tunakwenda wote," anamwambia mumewe. "Na pakiti moja nambebea Daktari."

"Na magodoro ya harusi tuliyoagizwa?"

"Maharusi walalie mkeka. Hawana haja ya usingizi."

Sarwono anacheka, anakohoa, anacheka tena. Wartinah hacheki. Anasema atamwomba Daktari Hapsari aanze na mumewe, yeye atangoja nje na tundu lake.

Mpaka Alhamisi zimebaki jioni tatu. Kila jioni, kwa mkono wake mwenyewe, atamkorogea Sarwono nusu pakiti, asubiri ainywe yote.